Pembe Zilizofika Kwenye Nyota Bila Mpagazi

Mjomba wangu anaishi Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, na macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Zamani alikuwa msomaji hasa. Gazeti nikimpelekea kutoka mjini alilisoma mpaka matangazo ya minada. Sasa hawezi tena, kwa hiyo tumejibunia utaratibu: mimi nasoma kitabu huku Morogoro mjini, narekodi vipande kwa simu, namtumia mjukuu wake kwa WhatsApp, naye anamwekea babu yake jioni baada ya chakula. Ni vitabu vya kusikiliza vya kienyeji. Tumeshamaliza riwaya kadhaa za Kiswahili kwa mtindo huo, bando likiruhusu.

Safari hii nikataka kumbadilishia ladha. Nikachagua "Ivory", riwaya ya Mmarekani Mike Resnick iliyotoka mwaka 1988. Ni hadithi ya anga za juu, ile aina ambayo wapenzi wake huiita spesi opera: himaya zinazotawala nyota, vyombo vinavyoruka kutoka sayari hadi sayari, majemadari, viumbe wa maumbo ya ajabu, na miaka inayohesabiwa kwa maelfu. Sababu ya kuichagua ilikuwa moja tu. Kinachosafiri kwenye nyota humo ndani ni kitu chetu: pembe mbili za tembo aliyeuawa Kilimanjaro.

Pembe zenyewe ni za kweli. Tembo huyo aliuawa mwaka 1898 kwenye miteremko ya mlima. Simulizi inayorudiwa zaidi inasema aliyempiga ni mtumwa aliyeitwa Senoussi, aliyekuwa akimwindia mfanyabiashara Shundi. Pembe zikashushwa pwani, zikauzwa Unguja, zikapita mikono ya wafanyabiashara, na mwishowe zikaingia Makumbusho ya Historia Asilia ya London, ambako zipo mpaka leo. Kila moja ina uzito wa karibu kilo 100. Naomba uishike hiyo namba, maana makala hii yote inaning'inia hapo.

Katika riwaya, maelfu ya miaka baadaye, pembe zimepotea. Duncan Rojas ni mtafiti wa kampuni inayotunza rekodi za wanyama wakubwa waliowahi kuwindwa. Siku moja anatembelewa na Bukoba Mandaka, Mmaasai wa mwisho aliyebaki katika ulimwengu wote, anayetaka pembe hizo zitafutwe kwa gharama yoyote. Rojas ana kompyuta yenye akili inayoweza kupekua kumbukumbu za sayari zote. Kila inapopata nyayo za pembe, inafunguka hadithi ya mtu aliyewahi kuzimiliki au kuzitamani: mcheza kamari aliyeziweka mezani, mwizi, mtawala. Katikati kuna vipande vya mwaka 1898 vinavyomfuata tembo mwenyewe.

Kama wazo, ni zuri kweli. Kitu kimoja kinatembea, na sisi tunatembea nacho. Riwaya iliingia kwenye orodha ya mwisho ya tuzo ya Nebula, na sishangai. Resnick, aliyefariki mwaka 2020, aliipenda Afrika Mashariki, akairudia kitabu baada ya kitabu. Nilianza kurekodi nikiwa na matumaini makubwa.

Tatizo la kwanza lilikuwa langu mwenyewe. Nilianza kwa kutafsiri sentensi kwa sentensi, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Mjukuu akanijibu kwamba babu analala kabla kipande hakijaisha. Nikakumbuka vibanda vya video vya utotoni na sauti ya Lufufu, yaani Derek Mukandala, bingwa wa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Lufufu hakuwa mkalimani wa neno kwa neno. Aliitazama filamu, akaimeza, kisha akatusimulia yeye, na wewe ukatoka kibandani ukiamini mule ndani waliongea Kiswahili tangu mwanzo. Nikafanya hivyo. Nikafunga kitabu, nikasimulia. Mjomba akaacha kulala.

Ila ukisimulia badala ya kusoma, kitabu kinavuliwa nguo. Madoido ya lugha hayakusaidii tena, inabaki hadithi peke yake na msikilizaji mwenye maswali.

Swali la kwanza la mjomba lilikuja haraka, na lilikuwa la kicheko. "Mpwa wangu, huyo Mmaasai anaitwa nani? Bukoba? Sasa huyo si Mhaya?" Kwa msomaji wa Cincinnati au London, Bukoba ni sauti nzuri ya Kiafrika. Kwa msikilizaji wa Matombo ni mji wa kahawa na senene ulio kando ya Ziwa Viktoria. Ni kama ungeandika riwaya kuhusu Mskoti wa mwisho duniani ukampa jina la Napoli. Tulicheka, tukaendelea. Kosa la jina husamehewa.

Swali la pili halikuwa la kicheko. Nilikuwa nimeshasimulia vipande kama kumi hivi. Pembe zimechezewa kamari, zimeibwa, zimebadilisha sayari. Mjomba akanitumia sauti yake mwenyewe, polepole, akikohoa kidogo: "Nasikia nani alikuwa nazo. Sijasikia nani alizibeba."

Nikarudi kitabuni kutafuta. Nimetafuta mno. Kuna sura za wamiliki, za wezi na za wenye tamaa. Hakuna sura ya mbebaji.

Unaweza kuniambia: jamani, ni hadithi ya anga, mzigo unabebwa na chombo, unatafuta wapagazi wa nini? Sawa. Lakini pembe ya kilo 100 haikuanza safari yake ndani ya chombo cha angani. Ilianzia begani kwa mtu. Na biashara nzima iliyozifanya pembe kuwa mali, iliyozipeleka Unguja, na kutoka hapo kwenye viwanda vya visu vya Sheffield na vya vinanda vya Ivoryton kule Connecticut, ilitembea kwa miguu ya binadamu. Ng'ombe na punda hawakudumu kwenye nchi yenye mbung'o. Reli ya kati ilikuwa bado. Gari la biashara hiyo lilikuwa ni bega.

Na barabara yake kuu ilipita hapa kwetu. Pembe za Kilimanjaro zilikuwa na njia zao za kaskazini, za kushukia Pangani na Mombasa. Lakini njia ya kati, ile ndefu kuliko zote, ilitoka Ujiji, ikapita Tabora, Mpwapwa, ikakanyaga miguu ya Uluguru, ikamalizikia Bagamoyo. Ni kama kilomita 1,200. Tangu mwaka 2006 imo kwenye orodha ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia.

Richard Burton na John Speke walipita mwaka 1857 upande wa mjomba, kupitia Duthumi na Zungomero, kwenye tambarare iliyo chini ya milima. Zungomero ilikuwa kituo kikubwa cha misafara, na Burton aliandika wazi jinsi nchi ile ilivyoumizwa na biashara yenyewe: vijiji vimechomwa, watu wameibwa. Miaka 14 baadaye, 1871, Henry Morton Stanley alipokuwa akimtafuta Livingstone alifuata upande wa kaskazini, akafika kwenye mji uliokuwa hapa ilipo Morogoro ya leo. Mji huo ulijengwa na Kisabengo, na wakati huo ulitawaliwa na binti yake, Simbamwene, ambaye jina lake ndilo lililokuwa jina la mji. Stanley alikuta ukuta wa mawe, minara kwenye pembe zake nne, milango ya mbao iliyochongwa, na maelfu ya wakazi. Mwaka uliofuata mafuriko makubwa yalibomoa sehemu ya ukuta huo.

Sasa fikiria kitu hiki kama mwandishi wa riwaya. Una mji wenye ngome chini ya mlima wenye ukungu, unatawaliwa na mwanamke, na kila msafara unaotoka bara na mali lazima umfikirie. Hata hujapanda chombo cha angani. Spesi opera iko hapa hapa, ukitoka Msamvu unafika kwa bodaboda.

Tuutazame msafara wenyewe. Mbele kabisa anakwenda kirangozi, kiongozi wa njia, amejipamba, ana bendera, na mpiga ngoma yuko nyuma yake. Wanaofuata si wenye vitambaa wala shanga. Ni wabeba pembe. Wao walikuwa na nafasi ya mbele kwenye msafara, na walijua hivyo: walitembea kwa majivuno, na kwenye ncha za pembe walifunga kengele ili dunia isikie wanakuja. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, bado hujaweka mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Pembe kubwa zilizomshinda mtu mmoja zilibebwa kwa mzegazega, zikining'inia kwenye mti mrefu uliolala mabegani mwa watu wawili. Pembe moja kama zile za Kilimanjaro ni zaidi ya frasila sita. Piga hesabu mwenyewe ya mabega na kilomita.

Na hapa kuna jambo ambalo hata sisi tunalikosea. Shuleni tulichorewa picha moja tu: mnyororo shingoni, pembe begani. Picha hiyo ina ukweli wake, watumwa walibeba, na Zungomero ni shahidi. Lakini wapagazi wengi wa njia ya kati, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi ya ujira. Walipatana malipo. Walidai posho. Wakionewa waligoma, na wakionewa zaidi waliweka mzigo chini usiku na kutoweka. Kwa kijana wa Unyamwezi, kwenda pwani na kurudi ilikuwa ndiyo njia ya kuwa mwanamume. Yaani unaye mhusika aliye tayari: mwenye fani, mwenye kiburi, mwenye hofu, mwenye wimbo mdomoni, ametembea nusu mwaka na utajiri usio wake begani. Mwandishi gani anamwacha huyu ili amwandike mcheza kamari mwingine?

Mtu huyo hakuacha risiti. Kwangu mimi, riwaya ya Resnick inaniangusha zaidi hapo, kuliko hata kwenye jina la Bukoba. Shujaa wake ni mtafiti wa kumbukumbu. Kazi ya Rojas ni kukaa ofisini na kuiuliza mashine: pembe zilikuwa wapi mwaka fulani, aliziuza nani, alizinunua nani? Mimi ni mwandishi wa habari, nimeshakaa mbele ya mafaili nikifanya kazi hiyo hiyo, na najua faili linajibu nini. Faili linajua bei na mwenye mali. Ukiliuliza nani aliibeba, linanyamaza. Riwaya inayomhusu mtafiti wa kumbukumbu ilikuwa na nafasi ya dhahabu ya kuukuta ukimya huo na kuushangaa. Rojas angeweza hata mara moja kuiuliza kompyuta yake swali la mjomba. Hakuiuliza. Kompyuta yenye kumbukumbu za nyota zote, na hakuna aliyefikiri kuna mtu kati ya muuzaji na mnunuzi.

Nisimwonee Resnick peke yake. Tunacho kitabu chetu cha pembe, na kilisimuliwa kwa Kiswahili: maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, aliyoyaeleza mwenyewe mwanzoni mwa karne ya 20, kabla hajafariki mwaka 1905. Ni moja ya nguzo za nathari ya Kiswahili, na kasi yake ya kusimulia inawashinda wengi wa leo. Kisome ukitafuta wapagazi. Utakuta frasila, utakuta mikopo, vita, masultani na matajiri wenye majina yao kamili. Wapagazi utawakuta kwa wingi wao, kama mvua au kama gharama. Kwa hiyo upofu huu haukuletwa na mwandishi wa Marekani. Mwenye mali ndiye huandika, awe Unguja au kwenye nyota.

Kumbukumbu ya mpagazi ikaenda kujificha kwingine. Imejificha kwanza kwenye lugha. Hongo ilikuwa ushuru ambao msafara uliwalipa watawala wa njiani ili upite, leo ni rushwa. Posho ilikuwa chakula cha siku cha mpagazi, leo ndiyo inayowapeleka waheshimiwa kwenye semina. Mnyapara alikuwa msimamizi kwenye msafara, leo tunamkuta gerezani na kwenye vibarua. Kila siku tunaongea lugha ya barabara ile bila kujua.

Imejificha pia kwenye utani. Waluguru na Wanyamwezi ni watani, na wazee wanaueleza utani huo kwa njia hiyo hiyo ya misafara. Mtu anayepita nchi ya wengine na mzigo alihitaji wa kumpa maji, na akifia njiani, alihitaji wa kumzika. Mpaka leo mtani anaweza kukuvunjia heshima msibani, ukacheka katikati ya kilio, na yeye ndiye anayeshika jembe kaburini.

Kwa mjomba kumbukumbu hiyo iko karibu zaidi, na nilikuwa sijui mpaka aliponiuliza lile swali. Mwaka 1916, mwezi Agosti, majeshi ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro. Wajerumani wakarudi nyuma wakizunguka milima kuelekea Kisaki. Waingereza wakawafuata, na njia moja ya kupeleka chakula na risasi ilipita upande wa mashariki, Matombo, mpaka Tulo na Duthumi. Magari yalizama kwenye tope. Kilichobaki ni bega, tena safari hii bila kengele wala majivuno, maana wengi hawakuulizwa kama wanataka. Makumi ya maelfu ya wabebaji wa vita ile walikufa Afrika Mashariki, wengi kwa njaa, kuhara na homa. Jina la kikosi chao tumelifanya soko: Kariakoo.

Babu yake mjomba alikuwa mmoja wa waliobebeshwa. Alirudi. Ndugu yake hakurudi. Kwa hiyo mjomba alipokuwa amelala pale na simu sikioni, akisikiliza pembe zikiruka kutoka sayari hadi sayari bila jasho la mtu, hakuwa akifanya uhakiki wa fasihi. Alikuwa anamtafuta babu yake mdogo.

Nimejiuliza kama aina hii ya fasihi inaweza kweli kumweka mtu kama huyo. Inaweza. Katama Mkangi wa Kenya, mwanasosholojia aliyewahi kufungwa kizuizini bila kushtakiwa, alitoa "Walenisi" mwaka 1995. Ni riwaya ya Kiswahili ambayo mtu aliyehukumiwa kufa, Dzombo, anatiwa kwenye chombo na kurushwa, na badala ya kufa anafika kwenye ulimwengu mwingine. Kwa Mkangi anayesafiri angani ni mnyonge, na jina la ulimwengu huo ukilikata vipande linajisema lenyewe: wale ni sisi. "Walenisi" ina hotuba nyingi kupita kiasi, na kwa ufundi wa matukio Resnick anamwacha mbali. Lakini inajua nani yuko ndani ya chombo.

"Ivory" tuliimaliza. Mwisho wake sitausema, kwa sababu bado naamini kinafaa kusomwa, hasa na wewe uliyekulia kwenye nchi zilizotoa hizo pembe. Kisome kwa raha ya vituko vyake, na kila pembe zinapobadilisha mmiliki simama uulize swali la mjomba. Utaona jinsi kitabu kinavyobadilika mikononi mwako.

Kipande cha mwisho nilikituma Jumamosi usiku. Jumapili mchana nikapata sauti kutoka Matombo, dakika kumi na moja. Nilidhani ni maoni. Ilianza na salamu, akaulizia watoto, kisha mjomba akasema kuwa sasa ni zamu yangu kusikiliza. Akaanza: mwaka wa vita, mvua, gunia la unga, watu wawili wa nyumba moja wanaitwa nje na askari. Anataja majina. Anataja kila mto waliouvuka kabla ya kufika Duthumi.

Hajamaliza. Wiki hii ametuma mbili, na mjukuu anasema babu ameomba simu iwekwe chaji mapema.